Tairi za A/T (za lami na njia mbovu): gari inasumbua kabla au baada ya kubadilisha, shida iko wapi?

Mtu akitaka kubadilisha tairi za SUV kubwa au pikapu swali la kwanza huwa ni kampuni gani nzuri, na mimi naona hapo ndo watu wanapotea njia mapema kabisa, maana zile tairi za zamani zimeshaandika kila kitu kwenye mpira wake na wewe unataka kuzitupa bila kuzisoma. Gari inayokula tairi upande mmoja itakula na mpya upande huohuo, haijali umetoa hela kiasi gani. Kwa hiyo naenda kwa dalili, kwanza za tairi zinazotoka, halafu zile lawama zinazokuja wiki mbili baada ya kufunga mpya, na kila dalili nasema inaponyoshea kidole. Unahitaji geji ya upepo ya kwako mwenyewe, chaki, tochi na kiganja cha mkono, basi.

Kabla hujazing'oa, zipapase

Mabega yote mawili (kingo za nje na za ndani za tairi) yameisha na katikati bado kuna kashata (vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara): hapo ni upepo mdogo au mzigo mkubwa kuliko uwezo wa tairi, na hivi vitu viwili watu wanavichanganya sana. Kuvitenganisha ni rahisi, pima upepo asubuhi gari ikiwa imelala, tairi za baridi, wiki tatu mfululizo. Ukikuta psi (kipimo cha upepo) iko chini ya ile ya stika ya mlangoni basi umejipata, jaza upepo na wala usihangaike kutafuta tairi ngumu zaidi. Ukikuta upepo uko sawasawa siku zote na mabega bado yanaisha, hesabu vilivyoongezeka kwenye gari tangu itoke kiwandani: bampa la chuma, winchi, keria ya juu, tenki la pili, madroo ya nyuma, trela. Hapo sasa ndo una sababu ya kweli ya kupanda kwenye tairi yenye uwezo mkubwa. Kama mabega yameisha za mbele tu na za nyuma ziko freshi, pua ya gari ni nzito au mguu wako una haraka kwenye kona, na la pili usilikatae haraka hivyo.

Katikati imeisha mabega yamebaki: upepo mwingi. Utaiona zaidi kwenye pikapu inayotembea tupu na tairi za nyuma zimejazwa kama vile imebeba tani moja kila siku.

Upande mmoja umeisha, wa ndani au wa nje: alaimenti (pembe za magurudumu) mbovu, bushi zimekufa, boljointi ina mchezo, au gari ilinyanyuliwa kwa springi ndefu na hakuna aliyerudi kurekebisha pembe za magurudumu. Hapa nasema wazi, usinunue tairi kwanza. Tengeneza chini, ndo ununue, kisha alaimenti ipigwe tairi mpya zikiwa zimefungwa.

Sasa pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani halafu rudisha. Upande mmoja laini na upande mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, hiyo ni magurudumu kuangaliana vibaya, tena ni alaimenti. Ukisikia mabonde-mabonde, juu chini juu chini kuzunguka tairi, hapo shokapu zimechoka au tairi ilitembea muda mrefu bila balansi. Na ukipitisha mkono kwa kufuata mzunguko ukakuta kila kashata mbele iko juu nyuma iko chini kama ngazi, hiyo kwa A/T ni kawaida sana kwa sababu kashata zake ni ndefu na zinacheza, ila inaongezeka sana kama hukuwahi kuzungusha tairi, za mbele kwenda nyuma na za nyuma kuja mbele, kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Kama una spea ya size ileile na rimu ileile iingize kwenye mzunguko, zitaisha tano kwa pamoja badala ya nne kuisha na moja kuzeeka bila kazi.

Namba za ubavuni, bila kuzifanya ngumu

Chukua 265/65R17 112S. Upana milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, rimu inchi 17, 112 ni uwezo wa mzigo yaani kilo 1,120 kwa tairi moja, S ni spidi ya juu 180 kwa saa. Ukikuta LT265/65R17 120/117 hiyo LT maana yake ni tairi ya magari ya mizigo mepesi, 120 ni kilo 1,400 ikiwa peke yake na 117 ni kilo 1,285 zikiwa mbilimbili upande mmoja kama kwenye baadhi ya pikapu kubwa za ekseli ya nyuma yenye tairi nne. Halafu kuna herufi ya plai: C ni plai 6, D ni 8, E ni 10, ingawa siku hizi ndani hakuna nyuzi kumi kweli, ni kipimo cha nguvu tu kilichobaki na jina la zamani. C inafika psi 50, D 65, E 80.

Kitu kimoja ambacho kinawapita wengi: tairi ya aina ya gari dogo, ile yenye P mbele, ikifungwa kwenye pikapu au SUV uwezo wake wa mzigo unagawanywa kwa 1.10. Yaani kilo 1,120 inakuwa kama 1,018. Kama unabeba kweli, piga hesabu hiyo kabla ya kuagiza, usiishie kwenye picha ya kashata.

Nimefunga mpya, gari imekuwa ngumu kama mkokoteni

Hii ndo lawama namba moja na hata mimi nimeingia humo miguu miwili. Nilitaka tairi ngumu, nikachukua LT za plai 10 kwa SUV ambayo tuseme ukweli siku tano kati ya saba iko kwenye lami imebeba mimi na begi la kompyuta. Fundi aliyefunga akajaza 55, akasema hizi za plai kumi mkuu lazima uzijaze, mi nikaitikia. Baada ya siku mbili kila kiraka cha barabara nakihisi kwenye meno, nikasema shokapu zimekufa, nikanunua shokapu nne, nikafunga, na gari ikabaki vilevile. Hela imeenda.

Kilichonisaidia ni chaki. Unachora mstari mnene kukata kashata kutoka bega hadi bega, tairi zote nne, unaendesha mita mia chache kwenye lami iliyonyooka, unashuka kuangalia. Yangu chaki ilifutika katikati tu kama upana wa viganja viwili na mabega meupe kabisa, maana yake nilikuwa natembelea mgongo wa tairi. Nikashusha psi 3, nikachora tena, nikashusha tena, mpaka chaki ikafutika sawa toka bega moja hadi la pili, nikaishia 41 mbele na 40 nyuma. Gari ikatulia. Sio kama zamani, nisikudanganye, tairi ya plai 10 ina ubavu mgumu na ina kilo kadhaa za ziada kila moja na huo uzito springi inauhisi, hakuna psi ya kuuondoa.

Ila sasa kuna shimo upande wa pili. Watu wakisikia hivyo wanarudi kwenye stika ya mlangoni, wanajaza 29 au 32 kama ilivyoandikwa, na stika ile iliandikwa kwa tairi za kiwandani ambazo mara nyingi sio LT. Kwa psi ileile tairi ya LT inabeba kidogo kuliko ya gari dogo, kwa sababu imetengenezwa ifanye kazi kwa upepo mkubwa. Kwa hiyo ukihama kutoka ya kawaida kwenda LT unapaswa kupanda, mara nyingi psi kadhaa na wakati mwingine kumi na zaidi kutegemea size, ili tu ubebe mzigo uleule, na majedwali ya mzigo na upepo ya watengenezaji yapo, yatumie. Chaki inakuonyesha tairi imekaaje chini lakini haijui umebeba nini wala haijui joto. Mimi jedwali ndo linaniwekea sakafu, chaki inanisaidia juu ya hapo, na nikipakia gari najaza tena, sishindwi.

Upepo mdogo na mzigo mkubwa na spidi ndefu siku ya jua, huo mchanganyiko unapika tairi kwa ndani. Mwaka 2000 Firestone waliitisha tairi kama milioni 6.5 zirudishwe, zikiwemo Wilderness AT, nyingi zilikuwa chini ya Ford Explorer, kashata zilikuwa zinabanduka gari ikiwa kwenye mwendo. Mabishano yalikuwa mengi, tairi zenyewe zilikuwa na lawama yake, lakini psi 26 iliyokuwa inapendekezwa kwa lile gari nayo iliongelewa sana.

Kwa hiyo nani achukue nini? Kama gari yako haibebi mzigo mzito na njia mbovu unayopita ni vumbi na kokoto na tope la hapa na pale, A/T isiyo LT, ya kawaida au ile yenye XL (iliyoongezewa uwezo wa mzigo), itakupa raha na itakushikia vizuri. LT ya C ni katikati nzuri sana ambayo watu wanaisahau, ina ubavu mgumu kiasi bila uzito wote ule wa E. E wachukue wenye trela, wenye mizigo, na wanaopita mawe makali siku nzima. Na ukiamua E na unapanga kujaza mpaka karibu 80, angalia valvu: zile za mpira za kawaida za kuchomeka zimepimwa mpaka psi 65, unahitaji za chuma au za mpira za presha kubwa, na rimu nayo ina kikomo chake.

Inatetema

Uliza inatetema wapi na spidi gani. Usukani unatetema kati ya 80 na 110 halafu ukipita hapo inapungua, balansi za mbele. Kiti ndo kinatetema, za nyuma. Kabla ya kurudi kwa fundi chungulia ndani ya rimu, tope lililokauka upande wa ndani linatosha kabisa kukutikisa, nimewahi kuona mtu anataka kurudisha seti nzima kumbe kabeba udongo wa shamba.

Balansi imerudiwa mara mbili na bado? Muulize gurudumu linakaaje kwenye mashine. Rimu nyingi za magari makubwa zina tundu kubwa katikati na koni ya kawaida hailishiki vizuri, mashine inasema sifuri lakini gurudumu lilikuwa limekaa kombo. Pia kama umebadilisha rimu, angalia nati: kuna za koni na kuna za uso bapa wenye shingo, ukichanganya gurudumu halikai katikati na sio mtetemo tu, linaweza kulegea likatoka. Tairi kubwa zenye kashata nene zinakubali vilisasi vya balansi vingi kuliko za lami, lakini ikiomba mlima wa risasi mwambie fundi aigeuze tairi nusu mzunguko juu ya rimu ajaribu tena, mara nyingi inapungua sana.

Inayumba polepole kwenye spidi ndogo, 20 hadi 40, kama vile gari inatembea kwa kuchechemea, hiyo sio balansi. Tairi sio duara, au mkanda wa chuma wa ndani umeachia. Nyanyua kwa jaki, zungusha gurudumu, weka kalamu karibu na kashata uangalie kama inapanda na kushuka. Ikiwa kuna sehemu imevimba usiiendeshe tena hata kwenda kulalamika, funga spea.

Na kama gari ina ekseli ngumu mbele, ukagonga shimo usukani ukaanza kutikisika kama umeshika kichaa mpaka usimame kabisa, tairi mpya nzito ndo zimefichua, lakini ugonjwa upo kwenye bushi za ile fimbo ya kukaza ekseli, tairodi au boljointi.

Kelele

A/T zina kelele, tukubaliane. Kashata kubwa zenye nafasi kati yake zinapiga hewa na lami. Ila kuna kelele ya kawaida na kelele ya tatizo. Ikibadilika kutoka aina moja ya lami kwenda nyingine ni tairi. Ikiongezeka ukikata kona kidogo kushoto na kupungua ukikata kulia, au kinyume chake, shuku beringi ya gurudumu. Ikibadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, angalia difu (gia za kwenye ekseli). Tairi haijui kama umekanyaga mafuta au umeachia.

Kelele ilikuwa kidogo ikaongezeka taratibu baada ya kilomita elfu kumi na kitu, rudi kwenye ile ngazi niliyosema, hukuzungusha. Ukizungusha sasa haitapotea siku hiyohiyo, inachukua muda kashata zijisawazishe.

Wakati wa kuchagua angalia kashata zimepangwaje: zikiwa za ukubwa tofautitofauti na mistari ya katikati imeungana, kelele ni ndogo. Zikiwa zinafanana zote kama matofali na mifereji mipana inakata toka upande hadi upande, utaisikia. Zile za kati ya A/T na M/T (za tope) zinapendeza kwenye picha, na mimi nazipenda kwa macho, lakini kama hujawahi kukwama kwenye tope mwaka mzima unalipia sura.

Inavuta upande

Jaribio la kwanza, badilisha tairi mbili za mbele, ya kushoto iende kulia. Kama gari imeanza kuvuta upande mwingine, tairi ndo yenye shida, imetengenezwa na mvuto kidogo. Kama bado inavuta kulekule, alaimenti au breki inayoshika, gusa karibu na rimu baada ya safari (gusa kwa akili, usiungue) uone moja kama ni ya moto kuliko mwenzake. Kama tairi zina mshale wa kuelekeza mzunguko usizihamishe upande bila kuzitoa kwenye rimu. Upepo tofauti kushoto na kulia pia unavuta, na huo ndo wa kuangalia kabla ya yote, naona nilipaswa kuanza nao.

Haivuti lakini inazungukazunguka barabarani, unarekebisha usukani kila saa: kama tairi ni mpya kabisa zipe kilomita kama 800, kashata ndefu zinacheza na juu kuna utelezi wa kiwandani. Baada ya hapo kama bado, upepo haujafika pale LT inapotaka, au ekseli ya mbele ina mchezo ambao tairi za zamani zilizoisha zilikuwa zinauficha.

Inagusa madigadi, spidi inadanganya, gari imekuwa nzito

Hizi tatu ni mtoto wa baba mmoja: umepanda size. Piga hesabu, 265/65R17 kimo chake ni 265 mara 0.65 mara 2 halafu jumlisha rimu 17 mara 25.4, unapata kama milimita 776. 265/70R17 inatoa 803. Tofauti milimita 27, asilimia 3.4, gari inapanda kutoka chini nusu ya hapo tu, milimita 13, na spidomita ikisoma 100 wewe kweli uko karibu 103. Hii magari mengi yanaivumilia. Ukiruka kwenda 285/70R17 ni milimita 831, asilimia 7, spidi ya 100 ni 107 ya kweli, na hata kilomita za sevisi zinahesabiwa pungufu, dashibodi inasema umetembea 10,000 kumbe 10,700.

Kuna mtu atakwambia asilimia 3 ndo mpaka. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, sio sheria ya mbinguni. Kinachoamua ni nafasi: kata usukani mpaka mwisho kushoto, kulia, tena ukiwa unarudi nyuma, tena gurudumu moja likiwa limepanda juu ya kitu. Ikigusa ukikata kona gari ikiwa bapa, tatizo mara nyingi ni upana au rimu iliyotoka nje zaidi. Ikigusa springi zikibanwa tu, ni kimo. Kunyanyua gari hakuondoi la pili kabisa kwa sababu gurudumu bado linaweza kupanda mpaka palepale kwenye stopa, hili limewashangaza wengi waliokwisha kununua springi.

Nzito kuondoka, gia inawinda juu chini kwenye mlima, mafuta yanaisha haraka, breki zinataka mguu zaidi: uzito umeongezeka mbali na katikati ya gurudumu, na kimo kikubwa ni sawa na kubadilisha uwiano wa difu. Hakuna dawa ya bei ndogo. Ndo maana kama gari inavuta trela mimi nabaki size ya kiwandani na kutafuta tairi bora ndani ya size hiyo.

Inateleza kwenye mvua

Kama ni mpya, ile ngozi ya kiwandani kwanza. Ikiendelea, ni mpira. Tairi nyingi za kustahimili mawe zina mpira mgumu usiokatika haraka, na mpira huo kwenye lami iliyolowa haushiki kama laini. Angalia kama kashata zimechanjwa vile vichanjo vyembamba, na kama vinaenda mpaka chini au vinaishia juujuu tu. Vikiishia juu, tairi ikifika nusu umebaki na matofali. Alama ya M+S isikupumbaze, inaongelea umbo la kashata. Ile ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani ndo imepitia jaribio la kushika kwenye theluji, na hata kama huna theluji maishani mwako inakuambia mpira sio wa ugumu wa soli.

Kikomo cha kisheria sehemu nyingi ni milimita 1.6, pale kwenye vile vinundu ndani ya mfereji. Kwa gari ya tani mbili na nusu kwenye mvua mi sisubiri huko, nikifika milimita 3 hadi 4 naanza kutafuta. Ukibadilisha mbili tu, mpya ziende nyuma, hata kama ya mbele ndo inayoendesha, maana mkia ukiachia kwenye maji hakuna wa kuurudisha.

Pancha za ubavuni na kashata zinazonyofoka

Pancha za katikati ya kashata ni bahati mbaya, zinazibwa mpaka tundu la kama milimita 6, kiraka cha ndani pamoja na kizibo. Za ubavu na bega hazizibwi, usikubali. Ukipata za ubavu mara kwa mara jiulize mawili: ubavu una tabaka mbili au tatu za nyuzi, na unapita mawe na upepo gani. Kushusha upepo kunasaidia kashata zijikunje juu ya jiwe badala ya kukatwa, lakini kunatoa ubavu nje kama shavu, kwa hiyo kwenye mawe makali kuna kiasi, kwenye mchanga unashuka zaidi, wengi wanaenda 18 hadi 20 na chini ya 15 unaanza kucheza na tairi kutoka kwenye rimu ukikata kona. Beba pampu. Ukirudi lami bila kujaza umerudi kwenye ile hadithi ya joto.

Kashata zinanyofoka vipandevipande kama zimetafunwa na panya: mpira laini wa barabarani kwenye kokoto kali, au magurudumu kuzunguka bure ukiwa umekwama. Hapo LT yenye mpira wa kustahimili kukatwa ndo jibu, mvua utaendesha taratibu. Mawe madogo yanayobaki ndani ya mifereji na kuchimba mpaka chini, tafuta tairi yenye vile vinundu chini ya mfereji vya kuyasukuma nje.

Fowili inakaza, taa inawaka

Gari ya fowili (magurudumu yote manne yanavuta) ya muda wote au ile inayojiingiza yenyewe ikianza kukaza kwenye kona, kunguruma katikati, harufu ya mafuta ya gia kuungua, pima kina cha kashata tairi zote nne. Mpya mbili na nusu-zimeisha mbili maana yake mizunguko tofauti mbele na nyuma na difu ya katikati inafanya kazi siku nzima. Jaribu tofauti isizidi kama milimita 2. Aina tofauti zenye size ileile iliyoandikwa nazo zinaweza kutofautiana kimo, usiamini maandishi, pima.

Taa ya upepo kwenye dashibodi ikiwaka baada ya kubadilisha: kama rimu ni mpya huenda hazina sensa, kama mfumo unahesabu mizunguko ya gurudumu unahitaji kuwekwa upya. Kinyume chake ndo kibaya zaidi, taa haiwaki kabisa. Imepangwa kwa psi ya stika, wewe umefunga LT inayotaka 42, ikishuka mpaka 30 taa bado imelala usingizi na tairi inaiva. Geji yako mfukoni ndo taa yako.

Kwenye kaunta, kabla hujalipa

Tafuta namba nne za mwisho kwenye ule mstari ubavuni unaoanza na herufi DOT, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Angalia zote nne, na spea, sio ile moja waliyokuonyesha. Tairi inazeeka hata ikiwa stoo. Watengenezaji wengi wanataka ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na itoke ikifika 10 hata kama kashata zimejaa, na baadhi ya watengeneza magari wanasema 6. Nyufa ndogo kwenye ubavu na kwenye mizizi ya kashata kwa tairi "mpya", acha hapohapo.

Wakishafunga, endesha kilomita 80 hadi 100 kisha kaza nati tena kwa spana ya kipimo. Halafu jaribu kuirudisha spea chini ya gari kabla hujaondoka, maana ukipanda size mara nyingi haiingii tena mahali pake, na spea ya zamani ya kimo kidogo ukiifunga kwenye fowili ya muda wote unarudi kwenye ile difu ya katikati inayonguruma.